Zamu ya Marahaba

Mjambere, Kisauni
3 Machi 2025

Mjomba wangu Gershom Nyale,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umesimama shambani unabishana na mtu. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakula na kulala, hasa kulala. Baba yao bado yuko bandarini Kipevu na makontena yake, na akirudi nyumbani huzungumza na ukuta kwa uchovu. Jua la mwezi huu halina utu. Mweri wa nazi, anayekuletea barua hii, aliniambia u mzima. Nilipomchimba zaidi akasema yeye hubeba nazi na barua, habari habebi.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako uliigawa. Uliniambia ilikuwa inaita wakati huna la kusema. Haya, tutaandikiana kama watu wa zamani.

Jambo lenyewe ni hili. Nimekabidhiwa bustani ya shule pamoja na watoto wa Gredi ya Nne. Ni kipande nyuma ya jikoni, mchanga na mawe ya matumbawe. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Jacktone, anataka kipande hicho kiwe maegesho ya magari ya walimu. Mjomba, walimu tuko kumi na wanne na gari ni moja. Ni lake, na halijawaka tangu mwaka juzi. Wanafunzi walilisukuma mpaka pembeni ya bustani, na hapo limesimama linangoja maegesho. Amenipa hadi mwisho wa muhula wa pili. Nikionyesha mavuno, bustani inabaki. Nisipoonyesha, anamwaga kokoto.

Naitaka bustani hii kuliko ninavyoweza kueleza. Kuna mtoto anaitwa Emmaculate ambaye anaamini mchicha huota ukiwa umeshafungwa fungu. Siwezi kumwacha apande darasa na imani hiyo.

Marehemu mama alikuwa akisema kaka yake akipanda jiwe, litachipua. Nitumie mbegu, hasa mchicha, na uniambie tupande lini. Nitumie pia koti kuukuu la kuvisha sanamu ya kutisha ndege. Au uje mwenyewe uwafundishe. Ni miaka mitatu hujakanyaga kwangu.

Mpwa wako,
Caroline Kaviha


Kaloleni
19 Machi 2025

Mpwa wangu Kaviha,

Marahaba. Mimi ni mzima, na anayesema vinginevyo ana lake. Mbuzi wamezaa mapacha. Paa la jiko limetengenezwa. Barua yako nimeisoma kwa siku tatu, si kwa urefu wake, ni kwamba kalamu za mjini wino wake mwembamba. Siku nyingine andika herufi kubwa na uache nafasi, kama mtu anayeheshimu karatasi.

Nimekosana na Mzee Ngonyo. Nilimsalimu njiani asubuhi mbili mfululizo, hakuitikia. Ya tatu nikamwambia neno zito. Sasa watu wanasema yule hakuwa Ngonyo, eti kilikuwa kisiki cha mkorosho alioukata. Mimi nasema hata kama ni kisiki, kimesimama kwa dharau.

Mbegu hizo hapo, nimezifunga kwenye vipande vya kalenda na kuandika majina. Zile kubwa ni maboga. Za katikati ni kunde. Zile za vumbi vumbi ni mchicha, ule wa bibi yako, haupatikani dukani. Mvua ya kwanza ya masika ni ya kutania, msiipandie. Huo mchicha uatikeni kwenye kitalu sasa hivi, umwagiliwe asubuhi na jioni, na miche mpandikize mvua ya pili ikishatulia. Changanyeni samadi na majivu kwenye huo mchanga wenu. Kila mtoto apande kwa mkono wake, na asichimbue kesho yake kutazama kama imeota. Hilo ndilo somo gumu kuliko yote. Boga mliweke karibu na kitu cha kukwea.

Koti ni lile nililovaa harusi ya mama yako. Usinirudishie.

Habari ya kuja mjini usianze.

Mjomba wako,
G. Nyale


Mjambere, Kisauni
26 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu Mweri alikwama wiki tatu. Matope ya barabara yenu ameyaeleza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Sisi wazima. Kitinda mimba wangu ameota jino la juu, la chini bado. Mvua imetunyeshea kisawasawa, hata darasa la nne lilihamia la tano na la tano likahamia msikiti wa jirani, wakakaribishwa kwa kahawa.

Tumefanya kama ulivyosema. Watoto walileta samadi ya mbuzi kwa mifuko ya shule, na wazazi watatu wamekuja kunieleza maoni yao. Kitalu tulikifunika kwa makuti. Likizo ya Aprili nilimwagilia mwenyewe, na Mei tukapandikiza kwa kamba iliyonyooka, kila mtoto mche wake na jina lake kwenye kijiti. Griffin alichimbua wake mara nne. Kunde zimeota vizuri. Maboga yameota kwa fujo, yanatambaa kuelekea gari la Bwana Jacktone. Mchicha nao umesimama, una majani mapana sana, na ukiushika unanata na una vimanyoya. Nimewakataza watoto kuugusa. Nimewaambia Mjomba anataka auvune mwenyewe.

Sanamu tumeisimamisha. Watoto wameipa jina lako, kwa kuwa koti ni lako. Basi wiki ya kwanza Griffin akaja kushtaki. "Mwalimu, Mjomba Nyale ana madharau. Nimemwamkia mara tatu kanyamaza."

Nikamwambia ni sanamu. Akasema hiyo si sababu, mimi mwenyewe nimesema ni mjomba wangu. Tukafanya kikao cha klabu, na wakaamua pawe na zamu. Kila siku mtoto mmoja anajificha nyuma ya koti, na kila anayepita akiamkia, yeye anaitikia. Inaitwa zamu ya marahaba. Nimeibandika ukutani pamoja na zamu ya kumwagilia.

Sasa hapa kuna neno. Ofisi ya elimu ilileta fomu, na fomu inataka kila bustani ya shule iwe na mkulima mshauri. Nikaandika wewe. Wiki jana afisa, Bwana Abdulghani, akapita ghafla mimi nikiwa darasani. Alisimama langoni, kwa sababu ya tope, akaita, "Shikamoo, mzee."

Koti likajibu, "Marahaba."

"Shamba laendaje?"

"Marahaba."

Ilikuwa zamu ya Phoebe, na Phoebe hufanya alichofundishwa tu. Afisa akaandika kwamba mkulima mshauri yupo kazini, ni mzee wa maneno machache. Nimeiona ripoti. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha mtu aliyefurahi vile.

Mifuko ya koti niliikagua kabla ya kulivisha, kama mama alivyotufundisha. Haikuwa na kitu cha maana.

Mwandiko wako, Mjomba, siku hizi unapanda mlima. Mstari wa mwisho niliukuta kwenye bahasha.

Kaviha


Kaloleni
15 Juni 2025

Kaviha,

Marahaba, nami nasema kwa mdomo wangu mwenyewe. Kipupwe kimeingia, usiku najifunika mara mbili. Mbuzi mmoja wa wale mapacha amekufa, mwingine ana afya kwa wote wawili. Mwandiko unapanda kwa sababu meza ina mguu mfupi.

Huyo Griffin ana adabu. Mwambie mimi na yeye tumepatwa na jambo moja. Ila nimekasirika kidogo kwamba mtu amewekwa badala yangu na sijaulizwa namna ya kusimama. Bega langu la kushoto liko chini kuliko la kulia tangu nilipoanguka mnazini. Rekebisheni. Na mimi siitikii marahaba tupu. Huuliza na habari za nyumbani. Huyo Phoebe ananifanya nionekane bahili.

Mchicha hauna manyoya. Labda ni hewa ya chumvi. Sijui nyinyi huko mnamwagilia nini.

Huku kwetu tumbaku yangu ya ugoro imegoma mwaka huu. Pale nilipoipanda pameota majani laini, mbuzi wanayapigania, na mke wa Ngonyo amekuja kuomba fungu la kupika. Nimempa. Vipi mtu atapika tumbaku na sima sijui, ya watu siingilii.

Umesema mifukoni hamkuwa na kitu cha maana. Kama palikuwa na karatasi, ni ya kuwashia moto.

G. Nyale


Mjambere, Kisauni
6 Julai 2025

MJOMBA,

Shikamoo. Naandika herufi kubwa kama ulivyotaka, barua hii imenimalizia daftari zima. Nyumbani ni wazima. Jino la chini limeota. Bega la kushoto tumelishusha.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi. Bwana Jacktone alikuwa ameanza kuipenda bustani. Mchicha wako umefika kifuani, na hakuna shule nyingine Kisauni yenye mchicha wa kufika kifuani. Akasimama mbele ya wazazi mia mbili na kusema, "Wazazi, hii mboga iko na nguvu. Hata cheki, naikula mbichi." Akakata jani, akatafuna, akameza. Alimaliza sentensi moja kuhusu nidhamu na akaanza nyingine kuhusu sare. Kisha akaketi chini pole pole, akashika mguu wa sanamu, akasema, "Mzee, nishikie hii dunia, inazunguka."

Koti likajibu, "Marahaba. Habari za nyumbani?"

Wazazi walipiga makofi, walidhani ni igizo. Mwanatatu, mpishi wetu, ndiye aliyetoka jikoni na maji na kusema mbele ya wote, "Mwalimu, huu si mchicha, mwanangu. Hii ni tumbaku. Babangu kaitafuna miaka sitini, naijua hata kwa kivuli." Bwana Jacktone alitapika, akalala saa moja ofisini, akaamka mzima mwenye hasira.

Sasa sikiliza, nami nitasema bila kuzunguka. Nilijua. Nilijua tangu Mei, jani la tatu lilipotoka. Nimekulia kwenye ugoro wako, Mjomba. Nilinyamaza kwa sababu kusema huu si mchicha ni kusema Mjomba haoni alichofunga. Na karatasi niliiona Machi, mfuko wa ndani. Ni ya zahanati, ya miaka miwili iliyopita. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, mgonjwa aende hospitali ya macho Mombasa apasuliwe. Badala ya kwenda ukalipeleka koti. Miezi minne sasa sanamu imesimama Mjambere na cheti cha hospitali mfukoni, na ndege wanaiogopa.

Bwana Abdulghani anakuja tarehe 29, na safari hii ataingia ndani. Anamtaka mkulima mshauri mwenyewe, aeleze tumbaku imefikaje kwenye mikono ya watoto. Asipopatikana, kokoto zinamwagwa siku hiyo hiyo, nami nitaandikiwa barua ya kujieleza. Mwalimu aliyewapandisha watoto tumbaku hawezi kukaa sana.

Njoo, Mjomba. Tumalize mambo mawili kwa safari moja.

KAVIHA


Kaloleni
14 Julai 2025

Kaviha,

Salamu utajitolea mwenyewe, mimi sina.

Naona. Naona vizuri sana. Naona kuliko wewe. Mbegu ziliharibikia njiani kwa Mweri.

Nyumbani kwangu najua hatua kumi na moja hadi mtungini na ishirini na sita hadi zizini. Sihitaji mtu. Huko kwenu nitakuwa mzigo wa kuelekezwa kwa kidole. Na wanaingiza kisu kwenye jicho, Kaviha, mtu akiwa macho, anasikia kila kitu. Naogopa. Nimeliandika, usimwonyeshe mtu.

Koti nililitoa ili karatasi ile iende mbali nami. Siji.

Nyale


Mjambere, Kisauni
19 Julai 2025

MJOMBA,

Shikamoo, na nyumbani wazima, hata kama hukuuliza.

Barua yako nimeisoma kwa shida kwa sababu umeiandika juu ya barua yangu. Nadhani ulitaka karatasi tupu. Lile neno lako "naona vizuri sana" limekaa juu kabisa ya neno langu "haoni", yamebanana kama watu wawili kwenye kiti kimoja. Nimelitazama hadi nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena.

Sikulazimishi. Woga wako nimeuficha mahali pazuri kuliko mfuko wa koti.

Watoto nimewaambia huji. Emmaculate, ambaye sasa anajua mchicha hufungwa na watu, alisema si neno, watamfundisha Phoebe majibu marefu. Kila mapumziko wako nyuma ya koti wanamfundisha kusema kwamba tumbaku ililetwa na upepo. Niliposikia hivyo nikaona aibu. Nimemwacha mtoto wa miaka kumi ajifunze kusema uongo ndani ya koti la mjomba wangu, kwa ajili yangu. Kwa hiyo siku hiyo nitasimama niseme nilijua, nikaficha. Bustani itakwenda na tutaona la kufanya. Lakini sababu yake sitaisema. Macho ni yako, na neno hilo ni lako kulisema au kutolisema.

Mweri anashuka alfajiri ya siku hiyo hiyo, Jumanne tarehe 29. Kiti cha mbele kiko tupu, amesema nikuandikie tu, hana maoni.

KAVIHA


Mjambere, Kisauni
24 Agosti 2025

MJOMBA WANGU,

Shikamoo na pole ya safari. Mweri amesema umefika salama na umemkatalia kukushika mkono tangu Mazeras. Daktari alisema usisome kwa wiki kadhaa, kwa hiyo barua hii iweke. Sisi wazima. Mume wangu amepumzishwa siku nne, tayari anaongea na watu.

Ulipoondoka uliniomba nikuandikie siku ile ilivyokuwa, kwa kuwa ulikuwapo lakini hukuiona. Basi ilikuwa hivi.

Ulishuka kwenye lori la nazi mkono wako ukiwa begani kwa Mweri, shati limefungwa kifungo kimoja juu zaidi. Watoto wote walisimama mstari bila kuambiwa. Griffin alikuamkia, ukaitikia, ukamuuliza habari za nyumbani, naye akageuka kuwatazama wenzake kama mtu aliyeshinda kesi. Nikakusimamisha kando ya sanamu ili nikakuletee kiti. Hapo ndipo Bwana Abdulghani alipoingia.

Alikwenda moja kwa moja kwenye koti. Ndilo analolijua. Akasema, "Shikamoo, mzee," akashika mkono wa kulia wa koti. Wewe ukasikia shikamoo, ukaitikia marahaba. Phoebe naye yuko nyuma, zamu ni zamu, akaitikia marahaba. Afisa akasema taratibu, "Wallahi, wako wangapi?" Wewe ukanyoosha mkono kumpokea, ukaukamata mkono wa kushoto wa koti, ukautikisa sana na kusema, "Karibu, afisa, nimesikia sifa zako."

Mjomba, mlisimama hivyo kwa muda. Yeye kashika mkono mmoja, wewe mwingine, mnaamkiana kwa heshima zote kupitia mtu wa majani makavu. Bwana Jacktone alikuwa amefunika mdomo kwa leso.

Afisa akatoa daftari. "Haya, tumbaku kapanda nani?"

Nilifungua kinywa. Ukanitangulia.

"Ni mimi. Mbegu nilizifunga mimi kwa mkono wangu nikaandika mchicha. Sioni, afisa. Huu mwaka wa pili sioni, nami nilikuwa nawaambia watu ni wino. Huyu mpwa wangu alinifichia aibu. Asiandikiwe barua. Andika mimi."

Uliyasema yote hayo ukilitazama koti usoni. Ndipo Bwana Abdulghani akaelewa. Akauachia mkono wa sanamu, akazunguka, akaja mbele yako akakuamkia upya, wewe mwenyewe. Alivua miwani akaifuta, na miwani haikuwa na vumbi. Yule uliyehisi anakushika mikono yote miwili, ndiye huyo.

Kisha akauliza mavuno yako wapi, na hatukuwa na la kuonyesha ila gunia moja la kunde. Emmaculate akamvuta hadi kwenye gari. Sikuwahi kukueleza gari lilivyo sasa. Maboga yamelipanda lote, magurudumu hayaonekani, yameingia dirishani. Walihesabu maboga tisa juu ya paa na moja limekaa kwenye kiti cha dereva, kubwa, mtu hawezi kulizungushia mikono. Bwana Jacktone alilizunguka gari lake mara mbili. Akasema, "Si ni sawa tu. Kwani halijaegeshwa?"

Ripoti nimeinakili kwa ajili yako: tumbaku ing'olewe na watu wazima, maboga yahesabiwe kuwa mavuno, bustani iendelee, gari lisisogezwe mpaka mashina yakauke.

Yaliyobaki unayajua. Bwana Jacktone alikushika mkono mpaka hospitali, mkiongea kuhusu kizunguzungu kama askari wa vita moja. Jicho la kulia lilipofunguliwa nilikuwa mbele yako. Ulinitazama, kisha ukauliza kama kuna chai. Nikaenda kutafuta chai. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku hiyo uliona nini, na kama uliona chochote.

KAVIHA


Kaloleni
5 Oktoba 2025

Mpwa wangu mpendwa Kaviha,

Marahaba, marahaba, na habari za nyumbani. Mume wako, watoto, meno yao yote. Mimi ni mzima kweli safari hii. Vuli imeanza kwa manyunyu, na mbuzi amenizalia tena mapacha, mmoja ana doa jeupe kwenye sikio ambalo hakuna mtu aliyewahi kunitajia.

Mbona unaniandikia herufi kubwa kama tangazo la mnada? Barua moja daftari zima. Unanidhania kipofu? Tazama mwandiko huu, nimejaza kurasa mbili na mstari haujapanda wala kushuka. Na meza nimeipima, haina mguu mfupi. Jicho la pili nitapasuliwa Januari, nimeshapanga na Mweri. Kisu chenyewe hakikuniuma. Nilichosikia ni daktari akimwuliza mwenzake bei ya samaki.

Nimepita njia ya Ngonyo. Ni kisiki. Nimekitazama pande zote, nimekiomba radhi, kisha nikaenda kwa Ngonyo mwenyewe nikamwomba na yeye. Alishangaa, hakujua kama tumekosana. Mkewe alinishukuru kwa mchicha.

Mbegu hizo hapo. Mchicha, wa bibi yako kweli, mweusi unaong'aa. Nimeueneza kwenye sahani nyeupe nikaupekua mbegu kwa mbegu siku mbili, na sijafurahi vile tangu ujana. Pandeni sasa, vuli ni fupi, haisubiri mtu. Mwambie Griffin asichimbue.

Umeniuliza niliona nini. Nitakuambia, kwa kuwa kwenye karatasi hutaniona uso.

Kitambaa kilipotoka nilimwona dada yangu. Mama yako, Kaviha, amesimama na mkoba wake, anangoja nimwambie neno. Nikataka kumwita jina lake. Halafu nikaona mvi mbili tatu hapo mbele, na dada yangu alikufa hana hata moja, ndipo nikajua ni wewe. Hukuwa nazo nilipokuona mara ya mwisho sawasawa. Umezeeka kidogo nami sikuwapo, na nilikuwa nasema nipo. Niliomba chai ili utoke, nilie.

Koti liacheni kwenye sanamu. Karatasi nimeitoa mfukoni siku ile ile, ninayo. Jumatatu ijayo ninashuka na Mweri kupanda pamoja nanyi, nimekwisha mwambia. Mwambie Phoebe zamu yake imekwisha. Watoto wakiamkia bustanini, nitaitikia mwenyewe.

Mjomba wako anayekuona,
Gershom Nyale